Mwaka Niliokuwa Marehemu

Wiki iliyopita nilikwenda Ziwani kumzika mtu aliyewahi kunizika mimi. Mjomba Chande, kaka wa marehemu mama yetu na mkubwa wa ukoo, amekufa kitandani kwake, ameoshwa, ameswaliwa, amelazwa kwa ubavu wa kulia kama inavyotakiwa, na watu wamesema maneno mazuri juu yake. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka, nikala wali wa msiba, sikulia. Mwanamke mmoja nisiyemjua akaniuliza, "Wewe nani wake marehemu?" Nikamwambia mpwa wake. "Mpwa yupi? Maana mie namjua Somoe tu, yule wa Ufukoni mwenye watoto wawili." Nikamjibu kwamba mimi ni dada yake huyo. Kinywa kimeshazoea. Lakini niliporudi chumbani kwangu nikajiuliza: aliyenifunga mdomo ameshafukiwa, sasa mimi nimeufumba kwa faida ya nani? Nimesoma mpaka darasa la nne, mwandiko wangu mbaya, na wako watakaosema mambo ya ukoo hayaandikwi. Wakiona nimekosea waandike ya kwao. Somoe ni mimi.

Niliolewa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, kama walivyoolewa wanawake wengi wa kwetu. Ya vita sitayaeleza sana, wanaotaka kuyasikia ni wale wasioyaona. Walikuja asubuhi tukiwa hatujawasha moto. Mume wangu walimuua mlangoni. Watoto wangu hawakuwemo ndani, na hilo ndilo jambo moja ninalomshukuru Mungu mpaka leo: nilikuwa namwachisha ziwa Idi, na kwetu mtoto anayeachishwa hupelekwa kulala kwa mtu mwingine asisikie harufu ya mama yake, na dada yake Zuhura, wa miaka tisa, nilimpeleka naye ili mdogo wake asilie. Jirani aliyekuwa nao akakimbia nao kuelekea kusini. Mimi nilichukuliwa. Wanawake wanaochukuliwa wanapika, wanateka maji, na mengine ambayo anayeuliza anayajua tayari. Nilikaa porini mpaka mvua zikaisha na nyingine zikaanza. Nilipopata nafasi nikatoroka, nikavushwa mto na wachoma mkaa, nikatokea upande wa Kilambo, na kutoka hapo nikaenda kwa miguu hadi Ziwani, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Sikuwaza kwenda kwingine. Kwetu mtoto wa dada akipatwa na jambo, mlango anaoubisha ni wa mjomba.

Nilimkuta mchana, amekaa barazani anakula ming'oko ya kuchemsha na chumvi. Hata leo nikiona ming'oko inauzwa sokoni, ile mizizi myembamba imefungwa mafungu, nabadilisha njia. Nikapiga hodi. Akasema karibu bila kuinua macho, maana ombaomba wengi walikuwa wanapita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani?"

"Mie Somoe."

Akamenya mng'oko mwingine, akachovya chumvi, akatafuna. "Somoe yuko Ufukoni."

"Mjomba, mie Somoe. Mtoto wa dada yako."

"Nakwambia Somoe yuko Ufukoni kwa Hamisi. Juzi kaniletea sukari." Hapo ndipo akainua macho. Alinitazama usoni, akanitazama miguuni, akaangalia kama nina kivuli. Sahani ikamteleza mapajani. Hakuniambia nikae. Alimwita mke wake, mke akatoka, akanipigia ukelele ule wa msiba, akakimbilia ndani na kufunga mlango. Nikabaki nimesimama uani, mtu mzima, nina njaa, naliliwa.

Mimi nilidhani mjomba ameshazeeka akili. Kumbe ni mzima kabisa. Ilikuwa hivi. Mtu mmoja anaitwa Mfaume, muuza mkaa, alivuka kutoka ng'ambo akasema ameona nyumba yetu imeungua na maiti ya mwanamke kando yake, imefunikwa kanga yangu. Kanga ile walikuwa nayo wanawake nusu ya kijiji, tulinunua pamoja kwa ajili ya harusi, lakini Mfaume hakulijua hilo na hakuna aliyemwuliza. Wakaweka matanga. Arobaini haijafika, habari zikaja kwamba watoto wako hai, wako kambini, na kwamba yule msichana anataja jina la Chande wa Ziwani kwa kila anayepita. Ofisi ya ustawi wa jamii ikasema yatima hao wanaweza kuletwa wakipatikana ndugu wa kuwalea kisheria. Mdogo wangu Salima na mume wake Hamisi wakajitokeza. Walikuwa wameoana muda mrefu bila mtoto. Kwa watu wa serikali hiyo ilitosha. Kwa Mjomba Chande haikutosha. Yeye alisema watoto wa ukoo hawapewi mama mdogo kama wanaopewa wafadhili, wanapewa mama. Na kwetu marehemu huwa anarithiwa jina: siku ya arobaini anachaguliwa ndugu, anakalishwa kwenye mkeka, anapakwa unga kwenye paji la uso, anavishwa nguo ya aliyekufa na kuitwa kwa jina lake, na tangu hapo watoto wa marehemu ni watoto wake, hakuna cha mama wa kambo. Ni desturi nzuri. Imewafuta machozi watoto wengi. Lakini hufanywa kwa mtu aliyezikwa, siyo kwa mtu aliyeonwa na muuza mkaa. Wazee wawili walimwambia mjomba angoje. Akajibu watoto hawawezi kungoja. Salima akakalishwa kwenye mkeka, akawa Somoe.

"Tulishamaliza, mwanangu," mjomba aliniambia baada ya kunipa maji, akiwa amekaa mbali nami, upande wa pili wa baraza. "Shughuli ya ntu ikishafanyika, imefanyika." Alikuwa anaongea Kiswahili cha kwetu, *ntu*, *ntoto*, na alisema maneno hayo kwa upole kabisa, kama anayekueleza kwamba basi limeshaondoka.

Alinipeleka Ufukoni, Mtwara mjini, siku ya pili kwa bodaboda, amenifunika mtandio mpaka puani. Salima aliponiona alianguka. Sisemi alijiangusha, mdogo wangu alinipenda, na hilo ndilo linalofanya hadithi hii isimezeke. Alinishika mashavu, akanishika mikono mmoja mmoja kama anayekagua kitambaa dukani, akanipeleka uani akaniogesha mwenyewe, akanisugua miguu kwa jiwe huku analia, "Dada yangu, dada yangu, walikula nini kwako, mbona umebaki mifupa?" Akanipa nguo. Nilipoitazama ile nguo, ilikuwa gauni langu la usichana nililoliacha Ziwani kabla sijaolewa, ndilo walilomvisha siku ya jina. Alikuwa amelifua na kulikunja vizuri. Akanivisha, halafu akasimama ananiangalia nimelivaa, na uso wake ukabadilika kidogo. Siku iliyofuata sikuliona tena lile gauni, nikapewa dera.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi, na jiko la makuti uani. Chumba cha pili kilikuwa kinatengenezwa. Hamisi alikuwa kuli bandarini, msimu wa korosho anabeba magunia mpaka shingo inaingia mabegani, na kila akitoka kazini alikuja na vipande vya mbao za zile paleti zinazotupwa. Amezirundika ukutani. Fundi wa jirani aliunganisha kitanda cha deka, na siku ya kukiingiza ndani kikagoma kupita mlangoni. Hamisi akakipima kwa macho, akampima fundi. "Fundi, ulipima mlango au ulipima mdomo wako?" Fundi akasema mlango ndio mdogo. Wakakivunja kitanda, wakakiingiza vipande, wakakiunganishia ndani, watu wakacheka, na mimi nilicheka nao, mara ya kwanza tangu nitoke porini. Ukuta wakaupaka rangi ya bluu. Pazia lina picha za samaki. Sare za shule zimetundikwa kwenye msumari, ya msichana kubwa mno, na nikasema, "Zuhura mwembamba, hiyo itamdondoka." Salima akageuka haraka. "Mwembamba kiasi gani, dada? Nionyeshe." Nikamwonyesha kwa mikono.

Mazungumzo ya kuamua mambo yangu niliyasikia nikiwa jikoni nachambua mchele. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi, na mjomba hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Mie naona tuwaambie ustawi ukweli," alisema Hamisi. "Tulisema kafa, kumbe hajafa. Kosa liko wapi?"

"Ukweli upi? Watakuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Utawajibu nini? Porini. Porini na nani? Alikuwa anapika. Anampikia nani?" Nikasikia kikombe kinawekwa chini. "Hana kitambulisho cha huku, hana cha kule. Ukimtaja leo, wanambeba yeye kwanza, wanamhoji mpaka mwaka uishe. Na watoto hawaletwi, maana si yatima tena, wana mama, na mama yuko ndani. Unawataka watoto hutaki?"

"Nawataka, mjomba."

"Basi akae kimya. Atakuwa dada yenu wa Newala, ntoto wa mama mkubwa. Watoto wakifika, mambo ya mahakama yakiisha, tutakaa tuzungumze."

"Na Somoe atakubali?"

"Somoe yupi?"

 Hamisi akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyefumaniwa na swali. Bandarini anabeba gunia la kilo themanini peke yake, lakini siku ile alishindwa kubeba neno moja, angesema tu, "huyu aliyeko jikoni." Ndiyo maana namtaja. Watu wengi Ufukoni wanamwita Hamisi mtu mwema, na hawasemi uongo.

Walipokuja kuniuliza nilikubali. Ningefanyaje? Watoto walikuwa wamelala kwenye turubai kusini huko, wanapanga foleni ya uji, na mvua zimeanza. Nilitaka wavuke. Nilijiambia nitakaa kimya mpaka wavuke, mimi ambaye nilikaa kimya porini mbele ya watu wenye mapanga, nishindwe mbele ya ndugu zangu?

Kwa hiyo nikaanza kumfundisha mdogo wangu kuwa mimi. Sijui niliite nini. Yeye aliambiwa na watu wa ofisi kwamba atahojiwa juu ya watoto, tabia zao, ukoo wao, na ataangaliwa kama kweli anawajua, na Salima alikuwa amemwona Zuhura mara moja tu, akiwa bado anatambaa na Idi hajazaliwa. Tulikaa uani asubuhi, yeye anatwanga kisamvu, mimi nakuna nazi, anauliza nami najibu. Zuhura anaogopa nini? Anaogopa mbuzi, alipigwa pembe. Kovu analo wapi? Nyuma ya goti, chai ilimmwagikia. Anapenda kula nini? Ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga mpaka wawe wakavu, ukimpa wa mchuzi anasukuma sahani. Idi je? Idi halali mpaka ashike sikio la mtu, analisugua kwa vidole viwili hadi linauma, ukimtoa anaanza upya. "Sikio lipi?" aliuliza Salima, na mchi umesimama hewani. La kushoto, nikamwambia, kwa sababu mimi nalalia upande wa kulia. Usingizi ulipompata mchana ule nilimwona amelala kwenye mkeka kwa upande wa kulia. Akaanza kuvaa kilemba kama changu. Akaanza kusema "haya basi" kila anapoinuka, neno ambalo mume wangu alikuwa ananicheka kwalo. Kuna siku nilipita dirishani nikamsikia yuko ndani ya kile chumba cha bluu, hakuna mtu, anakiimbia kitanda wimbo wangu wa kubembeleza, na sehemu ya katikati niliyoibuni mwenyewe, ya jogoo aliyekosa viatu, ameipatia. Nilitaka kuingia nimkabe, na wakati huohuo nilitaka kumsahihisha, maana mwisho aliukosea.

Yule afisa wa ustawi alikuja mara mbili. Dada mmoja kutoka huko juu Nyanda za Juu, Mkristo, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio, na hakuwa na kosa lolote, hilo nalisema ili asije mtu akamtupia yeye lawama. Alikagua chumba, akabonyeza godoro, akasifu pazia. Akakaa ukumbini na Salima. Mimi nilileta chai na maandazi. Salima alipoulizwa habari za watoto aliyasema yote, mbuzi, dagaa, sikio, na alipofika kwenye sikio akalia, na yale machozi yalikuwa ya kweli. Afisa naye akafuta macho. "Mama, hawa watoto wamebahatika," alisema. "Wengine huwa hawajui hata umri wa mtoto." Halafu, kwa adabu tu, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na sinia, akanigeukia. "Na wewe mama mwenyewe unao watoto?"

 Hamisi akainama anatafuta kitu ambacho hakikuanguka.

"Sina," nilisema.

"Mungu atajalia."

"Amina," akaitikia Mjomba Chande, na akachukua andazi jingine.

Waliletwa mchana, msimu wa korosho umepamba moto, malori yamepanga mstari kuelekea bandarini, na gari la ustawi lilikwama nyuma yake muda mrefu wenzangu wakiwa wamesimama barazani na majirani wote. Nilikuwa nimeambiwa nikae jikoni. Nilikaa jikoni. Salima alikuwa mbele, amejifunga kilemba. Niliona kwa kupitia makuti mlango wa gari unafunguliwa, akashuka Zuhura, amembeba mdogo wake mgongoni ingawa kulikuwa na watu wazima wawili wa kumbeba, amekonda, nywele zimebadilika rangi, amevaa viatu vya kiume. Salima akapiga magoti, "Karibuni nyumbani, wanangu, mimi ndiye mama yenu," afisa anatabasamu, majirani wanapiga vigelegele. Zuhura hakumtazama. Alikuwa ananusa. Nilikuwa nimekaanga dagaa mpaka wakakauka, na mtoto yule alifuata harufu, akapita katikati ya watu kama mbwa, mdogo wake mgongoni, akazunguka nyumba akaja mpaka mlango wa jiko, akaniona.

Hakupiga kelele. Macho tu ndiyo yalikua makubwa, na mdomo ukaanza kufunguka. Na nyuma yake nilisikia viatu vya afisa vinakuja, anasema, "Jamani, ana njaa huyu." Nikamwahi. Nilimshika mabega, nikasema kwa sauti ya juu, ya kusikika mpaka barazani, "Karibu, mwanangu. Mimi ni mama yako mkubwa, wa Newala. Mama yako yule pale, nenda ukamsalimie." Nilimshika kwa nguvu sana, nilimwona anaumia. Mtoto aliyekaa vitani anafahamu kushikwa. Porini, barabarani, kambini, amejifunza kwamba mkubwa akikubana hivyo unanyamaza kwanza, unauliza baadaye. Akanyamaza. Akageuka, akarudi barazani, akamwamkia Salima, "Shikamoo, mama." Idi akatolewa mgongoni na kupewa Salima, akalia, halafu mkono wake ukapapasa ukalipata sikio la kushoto, akatulia. Afisa alisema hajawahi kuona mtoto anazoea upesi vile.

Miezi iliyofuata niliishi na watoto wangu nikiwa mama yao mkubwa. Nilipika, nilifua, nilisuka. Usidhani nilikuwa nimefungiwa, nilikuwa nashika, naogesha, nalisha. Nilichokatazwa ni neno moja. Zuhura nilimweleza sababu tukiwa wawili kisimani, nikamwambia ni kwa muda, mahakama ikimaliza nitarudi kuwa mama. Akauliza swali moja tu, "Na wewe kule walikufanya nini?" nikamwambia nilikuwa napika. Akatikisa kichwa kama mtu mzima asiyetaka kukuaibisha. Idi hakuwa na haja ya kuelezwa. Alijua ana mama, jina lake Mama, analo sikio. Majirani wakaanza kumwita Salima *Mama Zuhura*, jina nililoitwa mimi ng'ambo kwa miaka tisa, na kila waliponadi nje, "Mama Zuhura, samaki!" niliinuka nusu kwenye kigoda, kisha nikakaa.

Amri ya mahakama ilitoka. Nikangoja wiki, mbili, hakuna anayesema kitu. Nikamwambia Hamisi. Akasema atazungumza na mjomba. Nikamwambia Salima, akaendelea kukunja nguo za watoto. Mwishowe nikatishia kwenda mwenyewe ofisini, ndipo tukaitwa Ziwani, sisi wote, na watoto, kwenye ukumbi wa mjomba, wazee wanne wamekaa kwenye viti na sisi chini.

Nilisema maneno machache. Nilisema watoto wamevuka, hatari imepita, naomba jina langu na wanangu, na Salima atabaki mama yao mdogo, tutalea pamoja, sitamnyang'anya kitu.

"Hutaninyang'anya?" Salima ndiye aliyeanza, kabla ya wazee, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa nayo muda mrefu. "Dada, mimi nilikulilia. Siku arobaini sikulala kitandani. Walinipaka unga nikiwa siwezi kusimama. Nilikubali kuwa wewe, nikaacha kuwa mimi, Salima nilimwacha pale pale kwenye mkeka. Sasa unataka nikurudishie. Nikikurudishia, mimi nitakuwa nani? Yule tasa wa Hamisi?"

"Utakuwa mdogo wangu."

"Kwa nini ulirudi?" akasema. Palepale akaziba mdomo kwa mkono. Lakini lilishatoka, na wote tulilisikia, na watoto walilisikia.

Mjomba Chande hakumkemea. Aliweka sawa kofia yake, akasema jina likishavaliwa halivuliwi kwa mtu aliye hai. Ukoo umeshamhesabu Somoe mmoja kwenye wafu na mmoja kwenye walio hai. Tukimrudisha wa kwanza, lazima mmoja aende badala yake, ama Salima ama mimi, na hakuna mzee atakayekubali kuchagua. Mie sikuwahi kuisikia sheria hiyo kabla ya siku ile. Nimewauliza wazee wa Newala, wa Tandahimba, hata wa ng'ambo, hakuna anayeijua. Naamini aliitunga palepale, kwa sababu kukiri kwamba alimzika mtu mzima kwa maneno ya muuza mkaa kungemwondoa kwenye kile kiti. Halafu akaongeza la pili, na hili hakulitunga, lilikuwa mioyoni mwa wote: "Na wewe umetoka porini. Tumekupokea, tumekulisha. Lakini hatujui umekuja na nini." Wazee wakatazama chini. Hamisi akatazama mlango.

"Tumwulize ntoto," alisema mzee mmoja, nadhani kwa kunihurumia. "Msichana ana akili."

Wakamsimamisha Zuhura katikati. Alikuwa amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri, Salima ameipunguza kiunoni. Mjomba akamwuliza, mbele ya wote, mama yake ni nani. Nilijua jibu. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, nilikuwa nafikiria tutalala wapi usiku ule, mimi na wao. Mtoto alinitazama sana. Akamtazama Salima, akamtazama mjomba. Kisha akaenda akasimama nyuma ya Salima, akaweka mkono begani kwake.

"Huyu," alisema.

Wazee wakamshukuru Mungu. Tukaletewa chai.

Tulipokuwa tunarudi Mtwara tulipakiwa nyuma ya pikapu ya mihogo, mimi na Zuhura juu ya magunia, Salima na Idi mbele kwa dereva.  Vumbi lilikuwa jingi, nikajifunika, sikutaka anione. Tulipofika lami akasogea, akaniinua mtandio kwenye sikio, akasema taratibu, kama anayemweleza mtu mzito wa kuelewa:

"Babu kasema Somoe mmoja lazima afe. Wewe ulishakufa mara moja. Ukiwa mama mkubwa, wafu hawakuiti tena."

Sasa ni msichana mkubwa, amenipita kimo. Nimepanga chumba mtaa wa pili, nakaanga mihogo, anakuja akitoka shule, anakaa kwenye kigoda changu, anakula, ananisimulia. Idi naye huja, anataka hela ya barafu. Mjomba alipokufa nilimwambia Zuhura, basi, aliyesema maneno yale hayupo, hapa tuko wawili tu, mlango umefungwa, niite. Akaweka kipande cha muhogo chini. Akatazama mlango, akatazama dirisha.

"Kula, mama mkubwa," alisema. "Inapoa."